Sukhoi Su-30MK2: Uwezo na gharama ya ndege ya kivita ya Uganda

Na Mwandishi Wetu

KUTOKA kata ya Kakese, katika Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, hadi Entebbe nchini Uganda ni umbali wa zaidi ya kilomita 700 kwa mstari ulionyooka. Msafiri wa barabarani huhitaji siku nzima na zaidi kuumaliza mwendo huo, kwa kuwa hulazimika kulizunguka Ziwa Victoria. Ndege ya kivita aina ya Sukhoi Su-30MK2 huweza kuumaliza kwa chini ya saa moja, pasipo kulazimika kutumia kasi yake yote, na kurejea ilikotoka bila kuongezewa mafuta.

Uganda ilinunua ndege sita za aina hiyo kutoka Urusi, nazo zilianza kuwasili mwaka 2011. Ununuzi huo ulizua mjadala mkubwa kuhusu matumizi ya fedha za umma katika Afrika Mashariki. Yafuatayo ni maelezo kuhusu ndege hiyo, kazi inayoweza kuifanya, na gharama ambazo nchi huzibeba inapoamua kuimiliki.

Ndege ya namna gani?

Su-30MK2 ni ya ukoo wa Su-27, ndege iliyobuniwa enzi za Muungano wa Kisovieti. Huundwa katika mji wa Komsomolsk-on-Amur, mashariki ya mbali ya Urusi. Mbali na Uganda, nchi nyingine zilizoinunua ni pamoja na China, Vietnam, Venezuela na Indonesia.

Ina injini mbili na viti viwili. Rubani huketi mbele, na nyuma yake huketi mwenzake anayesimamia rada na silaha. Mgawanyo huo wa kazi una maana kubwa katika safari ndefu na katika mashambulizi ya ardhini, ambapo mtu mmoja huweza kulemewa na wingi wa mambo ya kufuatilia kwa wakati mmoja.

Urefu wake ni takriban mita 22, na upana wa mabawa ni karibu mita 15. Inapopaa juu sana hufikia kasi ya kilomita 2,100 hivi kwa saa, ambayo ni karibu mara mbili ya kasi ya sauti. Huweza kupaa hadi zaidi ya mita 17,000 kutoka usawa wa bahari, na kusafiri kilomita 3,000 kwa mafuta iliyoyabeba ndani yake.

Kazi inayoweza kuifanya

Wataalamu huzigawa ndege za kivita katika makundi mawili makubwa. Lipo kundi la ndege za kupambana na ndege nyingine angani, na lipo kundi la ndege za kushambulia shabaha za ardhini na majini. Su-30MK2 ilibuniwa kufanya kazi zote mbili.

Huweza kubeba silaha zenye uzito wa hadi tani 8, zikining'inizwa katika sehemu 12 chini ya mabawa na kiwiliwili. Miongoni mwa silaha hizo ni makombora ya kutungulia ndege, makombora ya kushambulia meli na mitambo ya rada, pamoja na mabomu ya kawaida na yale yanayoongozwa hadi kwenye shabaha. Ina pia mzinga wa milimita 30 wenye risasi 150.

Kwa kulinganisha, ndege za F-7 za China ambazo Tanzania imekuwa ikizitumia ni za ukoo wa MiG-21, ndege iliyobuniwa katika miaka ya 1950. Zina injini moja, hubeba silaha chache zaidi, na haziendi mbali kama Sukhoi. Kenya nayo ilijenga kikosi chake kwa ndege za F-5 za Marekani, ilizoanza kuzipokea mwaka 1978, na ilizitumia katika operesheni iliyoanza Oktoba 2011 nchini Somalia dhidi ya al-Shabaab.

Hata hivyo, ubora wa ndege hauhakikishi ushindi. Historia ya Tanzania yenyewe inao mfano. Mwishoni mwa Machi 1979, wakati wa Vita vya Kagera, Libya iliyokuwa ikimuunga mkono Idi Amin ilituma ndege ya Tupolev Tu-22 kuushambulia mji wa Mwanza. Ndege hiyo, iliyokuwa na uwezo wa kuruka kwa kasi kuliko sauti, ililenga hifadhi ya mafuta, lakini ikaikosa. Silaha zake ziliangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane na kuua swala. Siku chache baadaye, Aprili 11, Kampala ilitwaliwa na askari wa miguu wakisaidiwa na mizinga na vifaru.

Bei ya kununulia

Bei iliyotajwa katika ununuzi wa Uganda ni dola za Marekani milioni 740. Bunge la nchi hiyo liliombwa Machi 2011 kuidhinisha matumizi ya ziada ya Sh1.7 trilioni za Uganda, wakati fedha za ndege zilikuwa zimekwisha kutolewa katika akiba ya fedha za kigeni ya Benki Kuu. Jambo hilo liliwaudhi wabunge na wananchi wengi, waliohoji sababu ya Bunge kuidhinisha jambo lililokwisha kufanyika.

Ukizigawa dola milioni 740 kwa ndege sita, kila moja huonekana kuwa imegharimu dola milioni 123. Hesabu hiyo yahitaji uangalifu. Mikataba ya namna hii haihusu ndege tupu. Hujumuisha silaha, vipuri, mitambo ya kuzihudumia na mafunzo ya marubani na mafundi. Ndiyo maana ndege ya aina moja huweza kuonekana ya bei tofauti kabisa katika nchi mbili.

Wakati wa ununuzi huo haukuwa mwepesi kwa Uganda. Uchaguzi Mkuu ulikuwa umefanyika Februari 2011, na bei za chakula na mafuta zilikuwa zikipanda. Aprili mwaka huo, wapinzani akiwamo Dk Kizza Besigye walianzisha maandamano ya kutembea kwa miguu kwenda kazini. Ilipofika Oktoba, mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 30. Si haki kuzibebesha ndege hizo mzigo wote, kwa kuwa ukame na bei ya mafuta katika soko la dunia vilichangia. Lakini kwa mwananchi aliyeshindwa kumudu nauli, habari za ndege za mamilioni ya dola zilikuwa ngumu kumeza.

Watetezi wa ununuzi walisema kwamba nchi iliyogundua mafuta, kama Uganda ilivyogundua kwa kiasi cha biashara mwaka 2006 katika eneo la Ziwa Albert, haina budi kuwa na uwezo wa kuyalinda.

Gharama isiyotangazwa

Bei ya kununulia ni mwanzo tu. Matangi ya ndani ya Su-30MK2 hubeba zaidi ya tani 9.6 za mafuta, sawa na lita 12,000 hivi. Hiyo ni takriban theluthi moja ya shehena ya lori kubwa la mafuta, kwa safari ya ndege moja tu.

Injini nazo hufumuliwa na kukarabatiwa kila zinapotimiza idadi maalumu ya saa za kuruka, kazi inayohitaji mitambo na wataalamu ambao nchi nyingi hazinao. Rubani hawezi kubaki hodari kwa kukaa ardhini, kwa hiyo hata wakati wa amani ndege lazima ziruke na mafuta yachomwe.

Ukubwa wa gharama hizo unaonekana hata kwa tajiri. Marekani inapanga kununua ndege zaidi ya 2,400 za F-35. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya nchi hiyo ilikadiria mwaka 2024 kwamba kuzinunua kutagharimu dola bilioni 442, lakini kuzihudumia katika maisha yake yote kutagharimu dola trilioni 1.58. Kwa maneno mengine, matunzo yatazidi bei zaidi ya mara tatu.

Rahisi nayo ina gharama yake. Mwaka 1998 Uganda ilinunua helikopta za kivita za Mi-24 zilizokwisha kutumika kutoka Belarus. Zilizowasili hazikufaa kuruka. Tume iliyoongozwa na Jaji Julia Sebutinde iliundwa kuchunguza sakata hilo.

Maswali ya kujiuliza

Novemba 30, 2021, Uganda ilianza kuwashambulia kwa ndege na mizinga waasi wa ADF mashariki mwa Kongo. Waasi hao hawana ndege wala rada. Hujificha msituni kwa makundi madogo, na ilibidi askari wa miguu waingie kuwafuata. Hapo ndipo linapozuka swali la iwapo ndege iliyobuniwa kupambana na majeshi makubwa ndiyo zana inayofaa dhidi ya adui wa namna hiyo.

Kwa msomaji anayesikia serikali yoyote ikitangaza kununua ndege za kivita, maswali ya msingi ni manne. Bei iliyotajwa inajumuisha nini? Nani atazikarabati, na wapi? Ni adui gani anayekusudiwa? Na je, Bunge limeulizwa kabla ya fedha kutoka, au baada yake? Swali la mwisho halihitaji utaalamu wa urubani. Mkulima wa mpunga wa Kakese anaweza kuliuliza sawasawa na mbunge, kwa kuwa kodi inayolipia ndege hutoka pia katika jasho lake.