Asili na Maana ya Jina la Mazrui

Majina ya koo ni maneno ambayo wanafunzi wa Kiswahili hawajayatazama sana. Kamusi hazina nafasi nayo, na waandishi wa sarufi huyapita upesi. Hata hivyo jina la ukoo ni neno kama maneno mengine: lina shina, lina kiambishi, na hubadilika vinywani mwa watu. Tena lina jambo moja lisilo katika maneno mengine, nalo ni kwamba huweza kumpa mtu haki au kumnyima. Kwa ajili hiyo nimechagua jina moja la pwani yetu, Mazrui, ambalo wenyewe si wengi ukilinganisha na jinsi lilivyotajwa katika vitabu vya historia.

Tuanze na umbo lake. Shina ni la Kiarabu, lenye konsonanti tatu, zai, ra na ain, na maana yake ni kupanda mbegu au kulima. Kutokana na shina hilo hupatikana mazrūʿ, yaani kilichopandwa. Umbo hili si geni kwa Mswahili, kwa kuwa ndilo lililotupa maneno marehemu, mahabusu, maarufu na makusudi. Mwishoni imeongezwa i ya nisba, ambayo humfungamanisha mtu na ukoo, mji au nchi, kama tuionavyo katika Busaidi, Barwani na Shirazi. Basi al-Mazrūʿī ni mtu wa ukoo wa Mazrūʿ.

Hapa yatupasa kujihadhari. Wapo wasikiao maana hiyo wakakata shauri kwamba wazee wa ukoo huu walikuwa wakulima. Kosa hilo huzidishwa na wingi wake. Kwa Kiarabu watu hawa huitwa Mazārīʿ, na neno hilo lakaribiana sana na mazāriʿ, yaani mashamba; tofauti ni urefu wa irabu moja tu. Lakini maana ya shina si historia ya mtu. Jina hueleza jinsi neno lilivyoundwa, halitoi ushahidi wa kazi ya babu.

Sasa tutazame lilivyopokewa katika Kiswahili. Ain imepotea, kama ilivyopotea katika saa na taabu, na irabu mbili zimeachwa zikifuatana. Mkazo haukuhama, kwa sababu silabi iliyo ndefu kwa Kiarabu ndiyo ya pili kutoka mwisho kwa Kiswahili. La kushangaza ni zile konsonanti mbili, z na r, zilizobaki zimeshikana. Katika makusudi tumetia u, katika mahabusu tumetia a, katika marehemu tumetia e. Kwa njia hiyo tungetazamia jina hili nalo litiwe irabu katikati. Naona sababu ni kwamba maneno yale yalikuja kwa mdomo, yakapita sokoni na barazani, bali jina hili lililindwa na kalamu. Wenyewe walikuwa watu wa hati na barua, wakaliandika kwa herufi za Kiarabu kizazi baada ya kizazi.

Mambo mawili lakini yaliachwa. La kwanza ni jinsi ya kike. Mwarabu humwita mwanamke al-Mazrūʿiyya. Kiswahili, ambacho hakitofautishi mume na mke katika sarufi yake, humwita Mazrui vile vile. La pili ni wingi. Mswahili hasemi Mazārīʿ. Asema Wamazrui, akiutia ukoo katika ngeli ya watu, sawa na Wadigo na Wagiriama. Kwa kiambishi hicho kimoja wageni wamekuwa wenyeji wa lugha.

Historia ya wageni hao yajulikana. Waomani waliwatoa Wareno katika Ngome ya Mombasa mwaka 1698, na katika miaka ya 1730 Muhammad bin Uthman al-Mazrui alifanywa liwali wa mji huo. Nasaba ya Busaidi ilipotwaa enzi ya Oman katika miaka ya 1740, Muhammad alikataa kuitii, akauawa. Ndugu yake Ali akairudisha ngome mikononi mwa ukoo. Tangu hapo jina la Mazrui likawa na maana ambayo haimo katika shina lake: likawa jina la Mombasa isiyotaka kutawaliwa kutoka Maskati, na baadaye kutoka Unguja. Kati ya 1824 na 1826 walijiweka hata chini ya bendera ya Kiingereza, aliyoipandisha Kapteni Owen, ili kumzuia Seyyid Said. Lakini serikali ya Uingereza haikuikubali kazi hiyo ya Owen. Mwaka 1837 Seyyid Said aliingia Mombasa, na wakubwa wa ukoo wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni katika Ghuba ya Uajemi.

Waliosalia waligawanyika pande mbili, wengine Gazi upande wa kusini, wengine Takaungu upande wa kaskazini. Huko Takaungu ndiko jina lilikokutana na shina lake bila ya kukusudiwa, maana walifungua mashamba makubwa ya nafaka, na mazao yakapakiwa majahazini kwenda Arabuni. Ni haki kusema wazi kwamba mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Mwaka 1895 ukazuka ugomvi wa urithi wa uongozi wa Takaungu, Waingereza wakauingilia, na Mbaruk bin Rashid wa Gazi akapigana nao mpaka 1896, alipovuka mpaka kuingia katika nchi ya Wadachi. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Baada ya upanga ilibaki elimu. Sheikh Ali bin Abdalla, aliyefariki 1894, alikuwa mwanachuoni mkubwa; mwanawe, Sheikh al-Amin bin Ali (1891–1947), alitoa magazeti Sahifa na al-Islah katika miaka ya 1930, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na akaandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake. Mwana wa huyu, Profesa Ali Mazrui (1933–2014), alilifikisha jina katika vyuo vikuu vya dunia. Asikiaye Mazrui leo hukumbuka kalamu kabla ya mizinga.

Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, katalogi za maktaba zilinitaabisha kwa jina hili. Kitabu kimoja kilipangwa chini ya A, kwa sababu ya al-; kingine chini ya M; na kingine chini ya jina la mwandishi mwenyewe, kana kwamba hana ukoo. Taabu hiyo yaonyesha tofauti ya desturi. Mtu wa pwani alijitambulisha kwa ubini, fulani bin fulani, na nisba ikafuata mwisho pale ilipohitajiwa. Daftari za serikali zilitaka jina moja la mwisho, na nisba ikageuzwa kuwa hilo. Huko Ghuba jina huandikwa kwa herufi za Kilatini kama Al Mazrouei, na katika Abu Dhabi lina watu wengi kuliko kwetu. Tofauti ya tahajia isimfanye msomaji adhani hizi ni nisba mbili. Wala umoja wa nisba pekee usimfanye aunge nasaba za watu.

Jambo hili si la kitaaluma tu. Mwaka 1914 sheria ya kikoloni iliwawekea Wamazrui amana ya ardhi kubwa upande wa Takaungu. Mwaka 1989 Bunge la Kenya likaifuta sheria hiyo, na mabishano yakafika mahakamani. Wenye ukoo walisimamia jina na hati. Wamijikenda na wengineo waliokaa na kulima humo walisimamia makaburi, miembe na jasho. Katika shauri la namna hiyo, kuuliza nani ni Mmazrui ni kuuliza nani ana fungu.

Mwanafunzi wa lugha hawezi kuamua shauri hilo, wala si kazi yake. Awezalo ni kutenga mambo ambayo watu huyachanganya: asili ya neno, nasaba ya watu, na haki ya ardhi. La kwanza hujulikana kwa sarufi, la pili kwa hati na masimulizi, la tatu kwa sheria na uadilifu. Jina lenye maana ya kilichopandwa halisemi nani alipanda. Ingefaa majina mengine ya pwani yachunguzwe kwa njia hii, wazee wayajuao wangali hai.