Ua wa Nyumba na Majani Yake: Habari za Ngara na Biharamulo

Mtu afikapo katika nyumba asiyoijua, jambo la kwanza alionalo si kitanda wala sufuria, bali ua. Katika Nyamahanga, na katika vilima vyote vya Ngara na Biharamulo, nyua zina sura tatu. Ua mmoja umefagiliwa mpaka udongo waonekana mtupu. Wa pili umeoteshwa ukoka, nao umekatwa sawasawa. Wa tatu umekaribiwa na migomba mpaka mlangoni, na chini ya migomba majani makavu yametandazwa. Watu hubishana ni upi ulio bora. Sisi tuwafundishao vijana kazi ya ualimu twaulizwa neno hili mara nyingi, maana mwalimu apelekwapo shule ya mbali hupewa nyumba pamoja na ua wake, na wanakijiji humtazama atakavyoutunza.

Basi leo twataka kueleza asili ya nyua hizo. Tutaona kwamba hakuna hata moja iliyoanzishwa kwa mapambo tu kati ya zile za wazee wetu. Kila moja ilikuwa jibu kwa adui fulani, na mtu asiyemjua adui wake hawezi kuchagua silaha.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kihangaza, kama katika Kirundi na Kinyarwanda, rugo ni boma lizungukalo nyumba, na tena ni jamaa yote ikaayo ndani yake. Katika Kiswahili liko neno ugo, maana yake ua wa kuzungushia nyumba. Maneno hayo mawili ni ndugu wa asili moja. Twajifunza hapo kwamba tangu zamani sana watu wa nchi hizi hawakuhesabu nyumba kuwa ni kuta na paa peke yake. Ua ulikuwa sehemu ya nyumba, na aliyekosa ua alikuwa kama aliyekosa jamaa.

Mwaka 1861 Bwana Speke, Mwingereza aliyekuwa akitafuta chimbuko la mto Naili, alipita katika nchi aliyoiita Usui, ndiyo Busubi, iliyokuwa chini ya mtawala Suwarora. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1863 alieleza maboma ya huko yaliyozungushiwa ua wa minyaa, pamoja na nyumba zilizopangwa kwa mafungu na nafasi ya kulaza ng'ombe usiku. Mnyaa haukuchaguliwa bure. Hupandwa kwa kijiti tu, hustahimili kiangazi, wala ng'ombe hawaupendi kwa sababu ya utomvu wake mweupe, ambao ukiingia jichoni huumiza vibaya. Hivyo ua uliwazuia wanyama wa porini wasiingie, na mifugo isitoke, wala haukuhitaji kujengwa upya kila mwaka.

Sasa tutazame yaliyokuwa ndani ya ua na kando yake. Jirani zetu Wahaya hugawa ardhi yao kwa majina. Kibanja ni shamba la migomba na mibuni lizungukalo nyumba, na rweya ni mbuga ya majani iliyo nje. Mgeni akiona migomba minene katika kibanja, na hatua chache kando yake majani makavu juu ya udongo hafifu, hudhani kwamba wazee walichagua mahali penye rutuba wakajenga hapo. Wachunguzi wa udongo wameona kwamba mambo hayakuwa hivyo. Udongo wa kibanja ulikuwa kwa asili kama ule wa rweya. Kilichoubadili ni kazi ya mikono ya watu. Vizazi kwa vizazi, akina mama walikata majani ya rweya wakayabeba kichwani, wakayatandaza sakafuni na chini ya migomba. Ng'ombe nao walilishwa rwani, jioni wakarudi nyumbani, na mavi yao yakawa mbolea. Kwa njia hizo mbili nguvu ya mbuga ilihamishwa kidogo kidogo ikaletwa mlangoni. Adui aliyepigwa hapo ni ufukara wa udongo, na silaha ilikuwa jani kavu.

Lakini kazi hiyo ilitegemea ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia katika nchi za maziwa ikaua mifugo mingi mno. Palipokufa ng'ombe, mbolea ilipungua. Tena majani yasiyoliwa yalirefuka, vichaka vikasogea, na wanyama wa porini wakafuata. Tutaona baadaye vichaka hivyo vilileta nini.

Wakati ule ule akatokea adui mwingine, mdogo kuliko punje ya mtama, naye ni funza. Mdudu huyu si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, naye alifika pwani ya Angola kwa meli mwaka 1872. Toka huko alisafiri katika miguu ya wapagazi na askari, akaikata Kongo yote, na mwisho wa karne ile akawa amefika pwani ya mashariki. Bwana Baumann, Mwaustria aliyepita Uzinza mwaka 1892 akienda Urundi, alikuta huko watu waliozidiwa na funza hata wakashindwa kulima, na njaa ikawafuata. Wenyeji hawakuwa wamemwona mdudu huyu hapo kwanza, kwa hiyo hawakujua kumtoa kwa sindano kabla hajaota yai nyayoni.

Funza hukulia katika vumbi kavu, ndani ya nyumba na uani. Kwa hiyo ua uliofagiliwa asubuhi, tena ukanyunyizwa maji, si upuuzi wa watu wapendao kuonyesha usafi. Ulikuwa ngome. Mtoto aliyetumwa kushika ufagio kabla ya kwenda shule alikuwa akiilinda miguu ya jamaa yake, hata kama hakuna aliyemweleza sababu. Ua mtupu ulisaidia pia kumwona nyoka kabla hajaukaribia mlango.

Adui wa tatu ni mbung'o. Vichaka vilivyosogea baada ya sotoka vikawa makao yake, na pamoja naye ukaja ugonjwa wa malale. Biharamulo na Uzinza ziliteswa sana. Katika miaka ya 1930 serikali iliwatoa watu katika makazi yaliyotawanyika ikawakusanya mahali pamoja, ili wafyeke pori na kulizuia lisirudi. Wengi waliacha migomba yao na makaburi ya wazee wao. Hapo kufyeka majani kando ya nyumba hakukuwa tena shauri la mwenye nyumba peke yake. Kulikuwa amri, na kulikuwa jambo la kufa na kupona.

Mahali pa ukoka uliokatwa ni wapi katika habari hizi? Uwanja wa majani mafupi ni desturi iliyokuja na wageni. Huko Uingereza, hapo zamani, ulikuwa mali ya matajiri, kwa sababu kukata majani kwa fyekeo, au kufuga kondoo wa kuyala, kulitaka watumishi na ardhi isiyolimwa chakula. Mwaka 1830 fundi mmoja, Bwana Edwin Budding, alibuni mashine ya kukatia majani kwa kufuata mfano wa mashine iliyotumika viwandani kukata manyoya ya nguo. Tangu hapo watu wa hali ya kawaida nao waliweza kuwa na uwanja wa majani. Desturi hiyo ikavuka bahari pamoja na watawala, ikaonekana mbele ya maboma, ya misheni na ya nyumba za maofisa. Bustani ya mimea ya Dar es Salaam ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na ile ya Entebbe na Waingereza mwaka 1898. Mtu wa nchi aliyeona majani mafupi mbele ya boma alielewa maana yake upesi: hapa anakaa mwenye amri, naye ana watu wa kumkatia majani.

Hata hivyo hatusemi kwamba ukoka hauna faida. Mizizi yake hushika udongo, nao huzuia vumbi. Lakini watu wengi waliupanda kwa kuiga, bila kuuliza unapigana na nani. Tena ilienea fikira kwamba majani ndiyo yazaayo mbu. Tangu mwaka 1897, Bwana Ronald Ross alipothibitisha kwamba mbu huchukua vijidudu vya malaria, imejulikana kwamba mahali pa kuangaliwa ni maji. Mbu huweza kupumzika majanini, ila huzaliwa katika maji yaliyotuama. Mtu akikata majani yake vizuri na kuacha mtungi uliovunjika nyuma ya jiko, amefanya kazi nusu.

Liko fundisho jingine. Mwaka 1937 huko Bukoba wakulima walizipinga kwa nguvu kanuni za serikali juu ya utunzaji wa mibuni, mpaka pakatokea ghasia. Watu hao hawakuwa wavivu, wala hawakuchukia shamba safi. Wao ndio waliokuwa wana wa wale waliougeuza udongo wa rweya kuwa kibanja. Walichokataa ni kuamriwa ndani ya ua wao wenyewe na mtu asiyewauliza. Mwalimu na bwana shamba wakumbuke jambo hili. Ua ni mahali pa heshima ya mtu, na ashauriye huko hupiga hodi kwanza.

Baada ya uhuru mabadiliko hayakukoma. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu wengi walihamia vijijini, nyumba zikapangwa kwa safu kando ya barabara. Aliyekuwa na migomba mlangoni alijikuta na kiwanja kitupu, na shamba likawa mbali. Mbolea ya zizi na majivu ya jiko, vilivyokwenda shambani kwa hatua kumi, sasa vilihitaji safari. Kisha, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara na kukaa Benaco. Kwa kuwa kila jamaa ilihitaji kuni na miti ya kibanda, vilima vya jirani vilipukutika. Wakimbizi wengi walirudi kwao Desemba 1996, ila miti haikurudi siku ile ile. Mvua zilikuta ardhi imevuliwa nguo.

Hapa ndipo tunapomwona adui mkubwa wa nyua zetu sasa. Katika nchi ya vilima kama yetu, maji yashukayo kwa kasi hubeba udongo wa juu, ambao ndio urithi ulioletwa kichwani na mabibi zetu. Ua mtupu uliomzuia funza ukiwa kwenye mteremko humfungulia njia adui huyu. Basi yafaa tuchanganye maarifa ya nyua zote tatu, kwa kufuata majira.

Mwezi wa Juni mpaka Agosti, wakati wa kiangazi, vumbi ni jingi na funza hustawi. Hapo nyunyiza maji kabla ya kufagia, na uwanja wa kufagia uwe mdogo, ule wa mbele ya mlango na jiko tu. Punguza ua wa minyaa kwa uangalifu, watoto wakiwa mbali kwa ajili ya utomvu. Kata majani ya mbuga uyatandaze chini ya migomba ili unyevu usitoroke. Usiyachome moto, maana achomaye majani huchoma mbolea yake.

Mvua za kwanza zishukapo, kwa kawaida toka Septemba, ndio wakati wa kuotesha. Panda ukoka mahali penye mteremko na pasipopitwa sana na miguu. Panda mabingobingo au mchaichai kwa mistari ikatayo mteremko, ili maji yapunguze mwendo. Chimba mfereji uelekezao maji ya paa kwenye migomba, wala usiyaache yakatuama.

Mvua kubwa za Machi mpaka Mei zikija, majani hukua upesi. Yakate mara kwa mara, ila usiyakwangue mpaka mizizi. Yaliyokatwa yasitupwe bondeni. Yapelekwe chini ya mgomba au kwa mbuzi. Baada ya kila mvua zunguka nyumba, umwage maji yaliyobaki katika vikopo na vyungu. Naye mwenye migomba akumbuke ugonjwa wa mnyauko uliothibitishwa mkoani Kagera katikati ya miaka ya 2000: panga lililokata mgomba mgonjwa lipitishwe motoni kabla ya kugusa mzima.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Twapenda kuongeza kwamba mwenye kuingia ndani ni lazima kwanza avuke ua, na katika ua huo atasoma, kama ana macho, mambo ya sotoka, ya funza, ya mbung'o, na kazi ya wanawake wengi ambao majina yao hayakuandikwa. Vijana wetu wakiyajua hayo, hawataona haya kwa ua wa migomba, wala hawatajivuna kwa ua wa ukoka. Watauliza tu: mvua ijayo itaukuta udongo wetu umefunikwa na nini?