Kubana Matumizi na Deni Lisiloandikwa

Mwezi Novemba 2015, wiki chache baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba. Badala ya gwaride, watu wakaambiwa washike mafagio, na shilingi bilioni 4 zilizokuwa zimetengwa zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam. Safari za nje za watumishi nazo zikawa hadi kibali kitoke juu. Wananchi walishangilia, na haki yao, maana semina, posho na misafara ilikuwa imewachosha. Lakini kwa hesabu za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, deni la Serikali lililokuwa kama trilioni 33 mwezi Juni 2015 lilizidi trilioni 56 ilipofika Juni 2020. Bilioni 4 za gwaride hazifiki hata sehemu moja kati ya elfu tano za ongezeko hilo. Aliyekuwa akitazama ufagio hakuliona daftari.

Mtetezi wa enzi ile atasema deni halikukua kwa ajili ya chai na vitafunio. Lilikua kwa sababu ya reli ya kisasa na bwawa la umeme la Mto Rufiji, la megawati 2,115, ambalo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2018. Na deni la bwawa si sawa na deni la posho. Hoja hiyo ina uzito, na mimi siipingi. Ninachopinga ni picha iliyouzwa pamoja nayo, kwamba miradi ile ilijengwa kwa fedha zetu za ndani tulizookoa kwa kubana. Februari 2020 Serikali ilisaini mkopo wa dola bilioni 1.46 kwa ajili ya reli hiyo, ulioratibiwa na benki ya Standard Chartered. Hata pale kodi ilipolipia mradi moja kwa moja, hazina ni chungu kimoja: ukichota huku kwa fedha zako, utakopa kule kujazia pengo.

Mkanda ulifungwa kweli, ila kiunoni mwa nani? Juni 2016, kwa sababu ya kuwasaka watumishi hewa, Serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji wa vyeo. Watumishi hewa walikuwepo, na kuwaondoa kulikuwa jambo la lazima. Lakini mtumishi halali naye akakwama kwenye daraja lilelile, na mishahara kwa ujumla haikupanda hadi 2022, kima cha chini kilipoongezwa kwa asilimia 23.3. Malimbikizo ya walimu na stahili za wazabuni ni mikopo pia, ingawa mkopeshaji hakuombwa ridhaa wala hakulipwa riba. Benki ya nje ina mkataba na tarehe ya malipo. Mwalimu ana barua yenye mhuri wa kupokelewa.

Tabia hii ina mizizi mirefu. Baada ya vita vya Kagera, mwaka 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18, na foleni za sukari na sabuni zikapita mbali miezi hiyo. Ila somo kubwa liko katika miaka ya Benjamin Mkapa, ambayo watu waliipachika jina la ukapa. Serikali yake ilitumia kila mwezi kile tu ilichokusanya, ikaanzisha Mamlaka ya Mapato mwaka 1996 na kodi ya ongezeko la thamani mwaka 1998. Mfumuko wa bei, uliokuwa juu ya asilimia 25 alipoingia madarakani, ulishuka hadi chini ya asilimia 5. Mafanikio hayo ni ya kweli. Anayetaka kuyatumia kuthibitisha kwamba kubana hupunguza deni, hata hivyo, akumbuke kuwa ahueni kubwa ya deni la nje ilitoka kwa wadai waliolisamehe kupitia mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, uliokamilika kwa Tanzania mwaka 2001. Na ukata ule haukuizuia Serikali kununua rada ya kampuni ya BAE kwa pauni milioni 28 wala ndege ya rais, zote mbili zikizua zogo ndani na nje ya nchi.

Katika miaka hiyohiyo ndipo lilipozaliwa deni ambalo kwa muda mrefu halikusomwa kwenye hotuba yoyote ya bajeti. Mwaka 1999 ulipoanza mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSPF, waliokuwa kazini tangu zamani hawakuwa na michango ya miaka iliyotangulia, na Serikali ikaahidi kuibeba. Haikuibeba kwa wakati. Mfuko ukalipa mafao ya miaka hiyo kwa michango ya waliokuwa bado kazini, hadi ukaelemewa na mwaka 2018 ukaunganishwa na mingine. Serikali ilitoa hatifungani maalumu ya zaidi ya trilioni 2 kulikabili deni hilo mwaka 2021. Mwalimu aliyeajiriwa mwaka ule wa kufunga mikanda, 1979, akiwa na miaka 22, alikuwa tayari amestaafu tangu 2017, na miaka yake 20 ya kwanza ya kazi haikuwa imewekewa hata senti.