Mwalimu Azungukaye: Habari za Shule ya Jeanes ya Kabete



Leo twataka kueleza habari za mwalimu wa namna ya pekee, aliyejulikana zamani katika Kenya na nchi nyingine za Afrika kwa jina la mwalimu wa Jeanes. Mwalimu huyu hakuwa na darasa moja la kukaa nalo mwaka mzima. Kazi yake ilikuwa kuzunguka, shule hata shule, kijiji hata kijiji, akiwasaidia waalimu wenzake. Katika habari zake mna swali linalotuhusu sote, wazazi, waalimu na wanafunzi: mtoto wa kijijini afundishwe nini, na ni nani mwenye haki ya kukata shauri hilo?

Kwanza tueleze asili ya jina. Utumwa ulipokomeshwa katika Marekani mwaka 1865, watu weusi wa majimbo ya kusini walikuwa na kiu kubwa ya elimu, kwani zamani sheria za majimbo kadhaa ziliwakataza watumwa kufundishwa kusoma. Shule zikajengwa, walakini zile za vijijini zilikuwa maskini: chumba kimoja, mwalimu mmoja, na watoto wa kila umri wamechanganyika. Mwaka 1907 bibi mmoja wa mji wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, mtu wa dhehebu la Quaker, alitoa dola 1,000,000 kwa ajili ya shule hizo ndogo, kisha akafariki mwaka uo huo. Hakuzitoa fedha hizo kwa vyuo vikubwa vyenye sifa. Alizitoa kwa shule ambazo watu wachache tu walizijali.

Wakati huo, katika wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia, alikuwako mwalimu mwanamke mweusi, Bibi Virginia Randolph. Alianza kufundisha katika shule ya Mountain Road mwaka 1892, naye aliikuta katika hali mbaya. Hakungoja Serikali. Alitumia fedha za mshahara wake mwenyewe kuitengeneza shule na uwanja wake, akawafundisha watoto kushona, kupika na kulima pamoja na kusoma na kuhesabu. Wazazi wengine walinung'unika, wakisema watoto wao wameletwa kujifunza vitabu, si kazi za mikono ambazo nyumbani zimejaa tele. Yeye hakuwatukana. Aliwaendea majumbani mwao, akasema nao mpaka wengi wakaelewana naye. Mwaka 1908 mkubwa wa shule za wilaya ile, Jackson Davis, alimchagua awe mwalimu wa kwanza wa Jeanes, azitembelee shule zote za watoto weusi wilayani na kuwafunza waalimu wake. Mwaka huo huo alipanda pamoja na wanafunzi wake miti 12, akaipa majina ya wale mitume kumi na wawili. Aliendelea na kazi ya elimu mpaka mwaka 1949.

Sasa mtauliza: jambo la Virginia lilifikaje kwetu? Mwaka 1924 kamati ya watu waliotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ilizunguka katika Afrika ya Mashariki kutazama shule. Kiongozi wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na mmoja wao alikuwa Mwafrika mwenye elimu kubwa, Dk. James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Watu wengi walikusanyika kumsikiliza Aggrey, kwani kumwona mtu mweusi ameketi katika baraza moja na Wazungu wenye cheo, akisema nao bila hofu, kulikuwa ni somo peke yake. Kamati hiyo ilisema kwamba shule nyingi za vijijini zilifundisha mambo yasiyopatana na maisha ya watoto, ikashauri mpango wa Jeanes uletwe huku. Basi mwaka 1925 shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa msaada wa fedha za mfuko wa Carnegie wa Marekani. Mkubwa wake wa kwanza alikuwa J. W. C. Dougall, Mskochi aliyekuwa mwandishi wa kamati ile. Mwaka 1929 shule ya mfano huo ikafunguliwa Nyasaland, yaani Malawi ya leo.

Tutazame sasa kazi yenyewe. Waliochukuliwa Kabete hawakuwa vijana wasioijua kazi, bali waalimu waliokwisha kufundisha, wakachaguliwa na misheni zao. Na hapa pana jambo la kuangaliwa sana: kila mwenye mke alikuja na mke wake na watoto wake. Walikaa katika nyumba ndogo za shule, wakapika, wakalima bustani, wakaishi kama watu waishivyo kijijini. Mume alipokuwa akijifunza namna ya kuongoza shule, mke alijifunza kulea watoto, kushona na usafi wa nyumba, ili naye awafundishe wanawake wenzake. Maana walisema kwamba watu hawasadiki maneno ya mwalimu ambaye nyumba yake mwenyewe ni chafu.

Mafunzo yalipokwisha, mwalimu alirudi kwao akapewa shule kadha wa kadha za kuangalia. Mwalimu wa shule ndogo ya kijiji katika siku zile mara nyingi alikuwa kijana aliyewatangulia wanafunzi wake hatua chache tu katika elimu. Vitabu vilikuwa haba, mshahara mdogo, pengine watoto wengi na ubao mmoja. Basi alifundisha kama alivyofundishwa yeye: anataja silabi, watoto wanapiga kelele pamoja, ba, be, bi, bo, bu, mpaka wazijue kwa moyo. Mtoto angeweza kuusoma ukurasa mzima bila kuutazama, lakini ukimwonyesha neno lile lile katika ukurasa mwingine, halijui.

Mkaguzi aliyekuja kutafuta makosa angeandika makosa hayo katika daftari lake akaenda zake. Mwalimu wa Jeanes alitakiwa kufanya vingine. Alitakiwa kukaa katika shule ile, kusimama mbele ya darasa na kufundisha somo mwenyewe, mwenye darasa akitazama. Kisha kumpa nafasi naye ajaribu. Hesabu zingefundishwa kwa punje za mahindi na kwa kupima bustani. Hadithi za wazee zingeletwa darasani na kuchezwa na watoto. Jioni angeonana na wazee wa kijiji kusema juu ya choo, maji safi na mbegu. Sisi tufundishao katika chuo cha waalimu twajua ya kwamba njia hii ni ngumu kuliko kukagua, kwani asimamaye mbele ya darasa la mwenziwe hujiweka mwenyewe katika kuhukumiwa.

Walakini habari hizi zina upande wa pili, wala haifai kuuficha. Waafrika wengi waliutilia shaka mpango huu. Waliona kwamba watoto wa Wazungu katika nchi ile ile walifundishwa vitabu vya kuwapeleka vyuo vikuu, na watoto wao wenyewe wakahimizwa jembe na ufundi. Waliuliza: je, hii ni elimu ipatanayo na maisha yetu, au ni ukuta wa kutuzuia tusitoke katika maisha haya? Hawakuwa peke yao. Huko Marekani msomi mweusi W. E. B. Du Bois alikuwa amekwisha kuupinga mpango wa Jones na wenzake kwa sababu iyo hiyo.

Katika nchi ya Wakikuyu ugomvi ulizidi mwaka 1929, misheni kadhaa zilipowataka waalimu waape kuikataa desturi ya kuwatahiri wasichana. Waalimu waliokataa walipoteza kazi, na wazazi wengi wakawatoa watoto wao katika shule hizo. Ndipo wenyeji walipozidi kujenga shule zao wenyewe, zisizo chini ya misheni. Shule hizo zilikosa waalimu waliofunzwa. Basi mwaka 1939 chuo cha waalimu kikafunguliwa Githunguri kwa fedha za michango ya watu, chini ya Peter Mbiyu Koinange. Naye Koinange, angalieni, alikuwa amesoma Hampton, katika jimbo lile lile la Virginia, chuo ambacho Thomas Jesse Jones mwenyewe aliwahi kufundisha. Kisima kilikuwa kimoja, lakini kila mmoja aliteka maji kwa shauri lake. Chuo cha Githunguri kilifungwa na Serikali mwaka 1952, wakati wa hali ya hatari. Shule ya Jeanes nayo ilibadilishwa kazi, na mwaka 1961 mahali pake pakawa chuo cha kuwafunza watumishi wa Serikali.

Basi tuseme nini? Sisi twaona yapasa kutenga mambo mawili. Namna ya kufundisha ya mwalimu wa Jeanes ilikuwa njema: kuanza na kile mtoto akijuacho, kumsaidia mwalimu mwenzako badala ya kumwaibisha, kuishi kama unavyofundisha. Bali kusudi lililowekwa juu ya kazi hiyo liliwekwa na watu wengine, nao wazazi hawakuulizwa. Hapo ndipo shaka ilipotoka. Jembe halina aibu. Wazazi wale walikuwa wakulima, nao waliliheshimu. Walichokataa ni kuambiwa na mtu mwingine kwamba jembe ndilo mwisho wa safari ya mtoto wao.

Hata baada ya uhuru swali hili halikwisha. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, aliyewahi kufundisha Pugu, alitoa shauri la Elimu ya Kujitegemea katika Tanzania, na mashamba yakarudi shuleni kwa nguvu. Safari hii shauri lilitoka kwa kiongozi wa nchi yenyewe. Hata hivyo wazazi wengine waliuliza tena swali lile la Henrico na la Kikuyu: tumemleta mtoto kusoma au kulima?

Kwa hiyo, ninyi waalimu wenzetu, mzazi akija kuuliza kwa nini mtoto wake anafundishwa hili na si lile, msimdhanie kuwa mjinga au mkaidi. Mketisheni, mweleze, nanyi msikilize majibu yake. Nanyi wazazi, msingoje mpaka mchukizwe ndipo mwende shuleni. Shule isiyoulizwa maswali na wenye watoto ni kama shamba lisilotembelewa na mwenyewe: magugu yakiota, hana habari.