Rula Haioni Chini ya Mstari



Mhariri ameniomba niandike juu ya kazi yetu ya barabara. Nianze na kosa langu. Nilipoajiriwa serikalini, shahada ikiwa bado yanukia wino, nilipewa ramani nionyeshe njia kati ya miji miwili. Nikachukua rula, nikapiga mstari. Mhandisi wetu mzee akautazama, akasema: “Kijana, hapa ni mbuga ya udongo mweusi. Masika ikifika utajenga tena.”

Tangu siku ile nilijifunza utaratibu. Kwanza huwekwa alama mahali ambapo barabara haina budi kupita: miji, vivuko vya mito penye kingo imara, mapito kati ya milima. Kisha, kwa ramani na picha za angani, huchorwa njia tatu nne za kulinganishwa. Hupimwa mwinuko, ili lori lenye shehena liweze kupanda; hupimwa udongo; hutafutwa kokoto na maji ya karibu. Udongo unaokatwa kilimani hutakiwa utoshe kujaza bondeni. Nyumba na mashamba yatakayoguswa hufanyiwa hesabu ya fidia. Mwisho ndipo wapima ardhi hupigilia vigingi.

Lakini historia yaonyesha kuwa hata hayo hayatoshi. Mwaka 2010 Serikali ya Tanzania ilikuwa na mpango wa barabara kuu ya kuunganisha Mara na Arusha, ambayo kilomita 53 zake zingekatiza kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti. Huko nyumbu zaidi ya milioni moja hupita kwenda Maasai Mara na kurudi. Wananchi wa Mugumu na Loliondo walikuwa na haki ya kutaka barabara. Nyumbu nao hawana njia nyingine ya kufuata majani na mvua. Wengine walipendekeza barabara izungukie kusini, iwe ndefu zaidi lakini ipite penye watu wengi zaidi. Mwaka 2011 Serikali ilieleza kwamba sehemu ya hifadhini haitawekwa lami, na Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ikazuia lami hiyo.

Ninyi mlio madarasani leo, mtakaposhika rula ulizeni kwanza ni nani anayeishi chini ya mstari. Kigingi hung'olewa kwa mkono mmoja. Lami hukaa vizazi.