Supa Strikas, Timu ya Simba na Yanga



Ni timu moja tu ambayo nimewahi kuwaona mashabiki wa Simba na wa Yanga wakiishangilia pamoja bila kutupiana maneno. Si Taifa Stars, maana hata huko watu huanza kuhesabu wangapi wametoka Msimbazi na wangapi wametoka Jangwani. Ni Supa Strikas. Timu ya kwenye katuni! Haijawahi kugusa nyasi za uwanja wowote duniani, na bado wapo watu wazima wenye ajira na watoto ambao ukiwatajia Shakes wanatabasamu.

Supa Strikas ilizaliwa Afrika Kusini mwaka 2000. Tangu hapo ilivuka mipaka, ikafika Botswana, Namibia, Zambia, Nigeria, na huku kwetu Kenya, Uganda na Tanzania. Kikosi chake kilikuwa kama mkutano wa Umoja wa Mataifa: Shakes mpachika mabao, North Shaw, El Matador Mhispania mwenye maringo kuliko magoli, Klaus Mjerumani, Twisting Tiger, nahodha Dancing Rasta, na Big Bo golini. Kocha hana hata jina, anaitwa Kocha, basi. Mahasimu wao wakubwa ni Invincible United, na huko kuna bwana mmoja anaitwa Skarra ambaye tulimchukia kama vile alitukopa hela.

Nyumbani kwao ni Strikaland. Usihangaike na ramani, hakuna mji huo. Hapo ndipo waliponifurahisha watunzi. Wangeiweka timu Johannesburg, ingekuwa ya Johannesburg, na mtoto wa Kampala angeishangilia kama mgeni. Mji ambao haupo hauna wenyewe.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na hii ni ya mfukoni. Katuni ile iligawiwa bure, mara nyingi ndani ya magazeti. Sasa nani alilipa wachoraji na mitambo? Wadhamini. Nembo zao zilichorwa kwenye jezi na kwenye mabango kuzunguka uwanja, na ziliweza kubadilishwa nchi kwa nchi. Mechi ni ile ile, goli la dakika ya mwisho ni lile lile, ila kifua cha Shakes hapa kina mdhamini huyu na kule kina mdhamini yule. Sisi tukiwa wadogo tulidhani ndivyo timu kubwa zinavyokuwa. Kumbe tulikuwa tunasoma tangazo la biashara, tena zuri, tena lenye hadithi.

Silalamiki. Babu wa timu hizi za karatasi, Melchester Rovers ya Uingereza, naye aliishi kwa biashara. Alianza tarehe 11 Septemba 1954 ndani ya jarida la watoto liitwalo Tiger, katika hadithi ya kijana Roy Race. Hadithi ikapendwa hadi ikapewa jarida lake mwaka 1976, Roy of the Rovers. Humo wasomaji walilipa wenyewe kila wiki, na ukitegemea msomaji arudi wiki ijayo, lazima umtishe. Ndiyo maana Desemba 1981 Roy alipigwa risasi. Akiwa amezimia hospitalini, wenzake wakashinda 14-0 dhidi ya Keysborough! Sir Alf Ramsey, yule yule aliyeipa Uingereza Kombe la Dunia 1966, akachorwa akishika timu kwa muda. Mwaka 1985 wakasajiliwa wanamuziki wawili wa Spandau Ballet. Mwaka 1986 timu ilisafiri kwenda nchi ya kubuni ya Mashariki ya Kati, wachezaji wanane wakauawa kwa bomu. Mwaka 1988 tetemeko likaubomoa uwanja wao. Mwaka 1993 Roy akaanguka na helikopta, mguu wake wa kushoto ukakatwa, na jarida la kila wiki likafa mwaka huo huo.

Kwa maoni yangu, kuua wachezaji wanane ili kuchangamsha hadithi ni kukosa adabu. Supa Strikas wao walikosea upande wa pili. Kwao hakuna anayezeeka, hakuna anayedai mshahara, na Kocha hafukuzwi. Hapa Bongo sare mbili tu na mtu anafungashiwa virago. Mdhamini hapendi jezi yenye nembo yake ilowe damu, basi amani ikatawala Strikaland.

Nilikutana nao kijijini kwetu Titye, Kasulu. Mjomba wangu alikuwa utingo wa lori la maharage, na alikuwa na tabia ya kurudi na magazeti ya zamani ya kila mahali aliposimama. Nakala moja ilikuwa imetoka Nairobi, na Mungu ndiye anajua ilipitia mikono mingapi kabla ya kufika kwenye migomba yetu. Ilikuwa ya Kiingereza. Mimi ndiye niliyekuwa nakijua kidogo, kwa hiyo nilisoma kwa sauti kwa Kiswahili, na mwenzangu mmoja akawageuzia wazee kwa Kiha. Mzee mmoja alisikiliza kwa makini, kisha akauliza hiyo timu ni ya mkoa gani.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa umechanwa. Shakes yuko hewani, mguu umeshapanda, mpira unakuja, basi! Tulibishana wiki nzima. Kwenye chandimu ya jioni tuliicheza ile mechi upya, kila siku ikiisha tofauti, na Skarra alikuwa hapatikani maana kila mtu alikataa kuwa Skarra.

Nimeyakumbuka haya yote kwa sababu nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilijaribu kuandika historia ya timu ya kijiji chetu. Ile ya kweli, iliyogombania mbuzi na vijiji vya jirani. Ugumu wake, we acha tu! Wazee wanakubaliana jambo moja, kwamba ilianza baada ya Operesheni Kigoma ya 1972, watu walipohamishwa kutoka kwenye maboma yao na kupangwa kwenye vijiji. Vijana waliokuwa hawajuani wakajikuta majirani, na mpira ukawapa cha kufanya pamoja. Baada ya hapo kila mzee ana habari yake. Daftari la mweka hazina liliwahi kuwepo. Mchwa wakalimaliza.

Hebu fikiria. Najua Melchester walishinda 14-0 Roy akiwa amezimia. Ila mechi ambayo babu zangu walicheza pekupeku, wakavunjika miguu ya kweli, hakuna anayejua iliisha ngapi ngapi.

Mtaniambia timu kubwa zina kumbukumbu. Kiasi. Simba ilianza 1936 kwa jina la Queens, ikawa Eagles, ikawa Sunderland, hadi mwaka 1971 ilipoitwa Simba. Jaribu sasa kuuliza vijana wa Kariakoo waliojiita Sunderland waliwaza nini, watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona Uingereza. Nadhani nao walikuwa na Strikaland yao kichwani.

Supa Strikas walihamia kwenye televisheni mwishoni mwa miaka ya 2000, kwa ushirikiano na studio ya Animasia ya Malaysia, na leo mtoto wa Kasulu mjini anawatazama kwenye simu ya baba yake. Melchester nao walifufuliwa mwaka 2018 na kampuni ya Rebellion, Roy akiwa na miaka 16 tena na klabu ikiwa imefulia kabisa. Anayeshika kalamu anaweza kumrudishia mtu hata mguu.

Mimi nimenunua daftari gumu, lile la kurasa mia mbili, na nalihifadhi ndani ya bati la biskuti kwa heshima ya mchwa. Nimeshapata majina saba ya kikosi cha kwanza na rangi ya jezi, ambayo ilikuwa fulana nyeupe zilizochovywa kwenye rangi ya ukili. Kuhusu kipa, wazee wawili bado wanabishana, kila mmoja anadai alikuwa kaka yake.