Kodi iliyomfuata mfanyakazi hadi Katanga

Wengi wenu mna watoto wanaofanya kazi ng'ambo ya mpaka, nanyi mnauliza: kodi yao ni ya serikali gani? Swali hilo ni la zamani kwetu.

Reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Union Minière ilikosa watu wa kutosha migodini, basi kampuni ya Robert Williams ikawatafuta Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya sasa. Kule Waingereza walitoza kodi kwa kila nyumba, na walitaka pesa. Tunapenda kusema watu wale walifuata mshahara. Mimi naona walisukumwa na kodi.

Mtu alilala na kuchimba shaba kwa Wabelgiji, lakini Waingereza walimhesabu bado kama mwenyeji wa kijiji chake. Katika mikataba mingi, sehemu ya mshahara ilizuiliwa mpaka arudi kwao, ili kodi ipatikane. Nyumba aliyoiacha na mke wake ilikuwa ikihesabiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bei ya shaba ilianguka, wafanyakazi wakarudishwa makwao. Kodi iliwangoja palepale.